Maisha ya Kapiteni Léopold Joubert, Mgeni wa Mpala na Moba (1842–1927)

Kamati ilipotuagiza sisi katekista kuandika maisha ya mtu mmoja wa zamani aliyesaidia kuingiza dini katika pande zetu, wengi walidhani tutaandika juu ya askofu. Tumemchagua Kapiteni Joubert. Ndugu wawili watatu wa kamati wakatuuliza kwa upole sababu yake. Joubert hakuwa padri, alikuwa askari. Hakuzaliwa Kongo, alizaliwa Ufaransa. Tena maisha yake yalipita mbali na Likasi, kando ya Ziwa Tanganika. Hayo yote ni kweli, wala hatubishi. Tunaomba tu kila mtu asome kwanza, kisha ahukumu.

Sababu yetu yatoka katika mji wetu wenyewe. Likasi iliota juu ya shaba, na watu wakaitwa kutoka kila upande kuja kuichimba. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, ilitafuta wafanyakazi Rodezia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ikatafuta Rwanda na Burundi, ikatafuta Lomami na Kasai. Walishuka kwenye gari la moshi na sanduku moja na mkeka, wakapewa nyumba katika kampu, wakaanza kujifunza majina ya vitu upya. Hata jina la Jadotville, ambalo mji ulilibeba mpaka mwaka wa 1966, lilikuwa jina la injinia Mbelgiji. Na kabla ya Wazungu, mfalme Msiri aliyetawala Bunkeya, si mbali na hapa, alikuwa Mnyamwezi aliyetoka ng'ambo ya ziwa na misafara ya biashara. Ukimwuliza mkristu wa Kikula, wa Panda ao wa Shituru babu yake alizikwa wapi, mara nyingi atanyosha mkono mbali sana.

Katika mji wa namna hii, kuuliza nani mwenyeji na nani mgeni si mchezo. Mwaka wa 1992 tuliona kwa macho yetu jirani waliozaliwa hapa, waliobatizwa katika kisima kimoja nasi, wakiambiwa warudi kwao Kasai. Walilala siku na siku kwenye gare, wazee na watoto wachanga, wakingoja gari la moshi, na wengine walikufa palepale. Sisi tulikuwa bado wadogo. Mama alitutuma kumpelekea rafiki wa shule bukari katika sahani iliyofunikwa kitambaa. Mara ya tatu tulikuta mahali pao pamebaki patupu, tukarudi nyumbani na sahani yetu. Tangu siku ile tumependa kusoma habari za watu waliokaa katika inchi isiyo yao, na namna walivyopokewa. Mama yetu mzazi alizaliwa upande wa Moba, na kwa njia yake tulisikia jina la Joubert mara ya kwanza.

Léopold Louis Joubert alizaliwa tarehe 22 mwezi wa pili mwaka wa 1842 katika kijiji cha Saint-Herblon, magharibi ya Ufaransa, karibu na mto Loire. Watu wa pande zile walikuwa wakristu wa kushika dini sana. Wakati ule Baba Mtakatifu alikuwa na inchi yake ya kutawala, iliyozunguka mji wa Roma, na waliotaka kuunganisha Italia yote walikuwa wakiinyang'anya kipande kwa kipande. Vijana wakatoliki wa inchi nyingi wakaenda kumpigania. Joubert akaenda naye mwaka wa 1860, umri wake miaka 18 tu, na katika vita vya Castelfidardo akatekwa. Alipofunguliwa akarudi kwenye jeshi, akawa mmoja wa wale walioitwa Wazuavu, akapanda cheo hata kuwa kapiteni. Mwaka wa 1870 Roma ikatwaliwa, jeshi la Papa likavunjwa, naye akarudi kwao.

Miaka kumi ikapita hivi. Huko Algiers alikuwako Askofu Mkuu Lavigerie, yule aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka wa 1868 na baadaye akawa Kardinali. Mapadri wake wa kwanza waliondoka kwenda maziwa makubwa mwaka wa 1878. Njiani walikufa kwa homa, waliibiwa, waliuawa. Lavigerie akawaza kuwatafutia walinzi, akawakumbuka Wazuavu wa zamani, watu waliojua bunduki na rozari pamoja. Joubert akakubali. Mwaka wa 1880 alisafiri na msafara wa mapadri, kutoka pwani ya mashariki kwa miguu, kupitia Tabora, mpaka ziwani. Safari hiyo ilikuwa ya miezi, nyuma ya wapagazi, kutoka maji hata maji.

Kukaa kwake kwa kwanza ziwani hatutakueleza sana. Tarehe 4 mwezi wa tano mwaka wa 1881 mapadri wawili, Deniaud na Augier, pamoja na mlinzi wao D'Hoop, waliuawa kule Rumonge, upande wa Burundi. Joubert aliwalinda waliosalia upande wa Masanze, na mwaka wa 1885 akarudi Ulaya. Alikuwa na umri wa miaka 43. Angeweza kukaa shambani na kuwasimulia watoto wa ndugu zake habari za simba, na hakuna ambaye angemlaumu. Wazungu wengi wa wakati ule walifanya hivyo. Waliandika na vitabu.

Mwaka uliofuata, 1886, akarudi Afrika. Mwezi wa kumi na moja alikuwa Karema, upande wa mashariki wa ziwa, na mwezi wa tatu wa mwaka wa 1887 akavuka akafika Mpala, upande wetu. Hakurudi tena Ufaransa mpaka kufa. Hapo ndipo habari yetu yaanza kweli.

Tuseme kwanza Mpala ilikuwa nini. Mwaka wa 1883 ofisa Mbelgiji, Émile Storms, alijenga boma pale kwa jina la chama cha mfalme Leopold II. Mwaka wa 1884 akapigana na mwami Lusinga, na watu wake wakamwua. Kichwa cha Lusinga kilikatwa, na fuvu lake Storms akaondoka nalo mpaka Ubelgiji, likawekwa pamoja na vitu vya wataalamu. Mwaka wa 1885 mfalme akawaachia Mapadri Weupe maboma ya Mpala na Karema. Mfalme alitoa inchi asiyoiona hata siku moja, na mapadri wakaipokea. Wenyewe wa inchi hawakuulizwa. Basi Joubert aliposhuka kwenye mtumbwi, watu wa Mpala walikuwa wamekwisha kumjua Mzungu mwenye bunduki ni mtu wa namna gani. Msomaji ajiweke mahali pao.

Kardinali alimpa kazi ya kulinda mapadri na wakimbizi, kufundisha vijana kushika silaha, na kutawala. Lavigerie alikuwa na ndoto ya ufalme wa kikristu katikati ya Afrika, na Joubert ndiye angeusimamisha. Ufalme ule haukutokea, nasi tunamshukuru Mungu, kwa maana ufalme wa kupangwa Algiers ungekuwa na shida zake. Lakini vita vilitokea. Rumaliza wa Ujiji na watu wake walikuwa wakipita Marungu na kando yote ya ziwa, wakichoma vijiji, wakifunga watu kwa kamba na nira za miti, na kuwauza. Wazee wetu waliwaita Wangwana. Tusichanganye jambo hili na dini ya jirani zetu waislamu wa leo: wengi waliobeba bunduki za Rumaliza walizaliwa katika inchi hizihizi zetu, na waliouza watu hawakukosa kuwa na ndugu zetu kati yao. Mbele ya watu hao Joubert alisimama na kikosi kidogo cha vijana aliowafundisha mwenyewe, na baruti iliyohesabiwa kijiko kwa kijiko.

Tarehe 13 mwezi wa pili mwaka wa 1888 alifanya jambo ambalo sisi tunaliona kubwa kupita vita vyote. Alimwoa binti Mwafrika, jina lake Agnes Atakaye. Alimwoa kanisani, mbele ya padri na mashahidi, kwa sakramenti isiyofunguka. Ndugu msomaji, kumbuka desturi ya Wazungu wa Bula Matari waliokuja baadaye. Wengi walikuwa na wanawake Waafrika katika nyumba zao, na miaka yao ya kazi ilipokwisha walipanda meli, na wanawake na watoto wakabaki. Wengine wa watoto hao walitengwa na mama zao na kulelewa katika nyumba za masista, na bado wako wazee katika Kongo wanaotafuta jina la baba. Joubert alimpa mke jina, akawapa watoto jina, akabaki. Waandishi wa Ulaya walijaza kurasa kwa habari za bunduki yake, na za Agnes Atakaye waliandika kidogo sana. Sisi tunafikiri wamekosa kipimo. Bunduki ilimpa Joubert mahali pa kusimama. Mke ndiye aliyempa nyumba.

Kila mtu aliyeishi katika inchi ya wengine anajua tunasema nini. Mgeni anaweza kujenga ukuta mnene, na bado yeye ni mgeni. Hajui ni mti gani haukatwi, ni jirani gani husalimiwa kwanza, ni msiba gani lazima aende hata mvua ikinyesha. Mambo haya hufundishwa jikoni, na wake, na wakwe, na watoto wanaorudi kutoka kucheza na lugha mpya mdomoni. Tena tukumbuke desturi ya Watabwa, walio wenyeji wa pande zile: mtoto huhesabiwa kwa ukoo wa mama yake. Ndugu zetu Waluba wa baba watatikisa kichwa, lakini hivyo ndivyo ilivyo kwa Watabwa, kama kwa Wabemba na wengine wa kusini. Katika desturi hiyo, mtu aliyetoka mbali akimwoa binti wa ukoo, watoto wake si wageni hata siku moja.

Joubert alikaa hasa katika kijiji kilichoitwa Saint-Louis de Mrumbi, kusini ya Mpala. Kijiji hiki ndicho kinachotukumbusha Likasi. Waliokizunguka hawakuwa kabila moja. Walikuwamo wenyeji wa Marungu waliokimbia vijiji vyao vilivyochomwa, na walikuwamo watu waliokombolewa utumwani, waliokamatwa mbali wakiwa watoto, ambao hawakuweza tena kuonyesha njia ya kurudi kwao. Kati ya watu wa namna hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya kupatanisha, kama kilivyokuwa baadaye katika kampu za Union Minière. Basi kapiteni hakuwa mgeni peke yake. Karibu wote walikuwa wakianza upya: kutafuta mbegu, kukata miti, kungoja mvua ya kwanza ili kujua paa limefungwa vizuri.

Vita havikuwaachia nafasi. Tangu mwaka wa 1888 pwani ya mashariki ilifungwa na manowari za Wazungu ili silaha zisipite, na kwa hiyo baruti ya Joubert nayo haikupita vema. Mara kwa mara walitazamia kumalizwa. Habari zao zilifika Ulaya, ambako Kardinali Lavigerie mwaka wa 1888 alikuwa akihubiri juu ya ubaya wa utumwa, na wakatoliki wa Ubelgiji wakakusanya mali na kutuma watu. Kapiteni Jacques akafika ziwani mwaka wa 1891, akajenga boma mwisho wa mwaka huo, akaliita Albertville; ndio mji wa Kalemie wa leo. Mwaka wa 1892 boma hilo nalo likazungukwa na watu wa Rumaliza. Mwisho wake ulikuja mwanzo wa mwaka wa 1894, wakati askari wa Serikali ya Leopold walipomshinda Rumaliza, naye akakimbilia upande wa Wadachi.

Katika mwaka uleule wa 1891 kuna jambo ambalo hatuwezi kuliruka, sisi tulio karibu na Bunkeya. Msafara wa Kapiteni Stairs, uliotumwa kumtia Msiri chini ya bendera ya Leopold, ulifika Karema, ukavuka ziwa na kushuka upande wa Joubert, kisha ukaendelea kuja huku. Tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili Msiri aliuawa. Joubert hakuwamo katika kazi ile. Lakini mlango uliofunguliwa kwa ajili ya kuwakinga watumwa ulipitiwa pia na wengine wenye shauri lingine, na baada yao ikaja kodi ya mpira, ikaja fimbo ya Bula Matari, yakaja mashimo ya shaba ambayo babu zetu waliyachimba wakiwa na njaa. Hatusemi Joubert alitaka hayo. Tunasema tu kwamba mtu mwema anaweza kushikilia taa ambayo mwivi naye atamulikiwa, na anayeandika maisha ya mtu asilifiche. Vilevile alitawala na kuhukumu watu ambao hawakumchagua. Alikuwa mtu wa wakati wake.

Serikali ilipokwisha kukaa ziwani, kazi ya bunduki ikaisha. Askari wengi wa namna yake wangefunga mizigo siku hiyo. Yeye alibaki na mke na watoto, na mashamba, na jirani waliomjua. Tunapenda sana miaka hii ya pili, iliyo mirefu kupita ile ya vita, ijapokuwa haina cha kusimulia: zaidi ya miaka thelathini ya kuishi tu mahali pamoja, kuzeeka mbele ya watu walewale.

Ng'ambo ya ziwa, Karema, aliishi mgeni mwingine aliyefanana naye katika jambo hili. Huyu ni Adrien Atiman, daktari na katekista. Alizaliwa karibu na Timbuktu, inchi ya Mali, akaibiwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa akiwa mtumwa, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa udaktari katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema mwaka wa 1889, akaoa huko, akatibu wagonjwa mpaka alipokufa mwaka wa 1956. Mmoja mweupe, mmoja mweusi. Mmoja alikuja kwa hiari, mwingine alianza safari na kamba shingoni. Kuwa mweusi hakukumfanya Atiman kuwa mtu wa Karema siku ya kwanza. Lugha, vyakula na mizimu ya watu vilikuwa vigeni kwake sawasawa na kwa Mfaransa. Nyumba yake pia ilitoa padri, mwanawe Joseph. Sisi makatekista tungependa Atiman apewe kurasa zake mwenyewe katika kitabu kingine.

Mwaka wa 1893 Mapadri Weupe, wakiongozwa na Padri Victor Roelens, walianzisha misioni ya Baudouinville, tunayoiita Kirungu ao Moba, na Roelens akawa askofu wa kwanza wa Kongo ya Juu. Mpala ikawa na seminari ndogo. Pale alisoma kijana Mtabwa, Stefano Kaoze, na tarehe 21 mwezi wa saba mwaka wa 1917, kule Baudouinville, Kaoze akapewa upadri, wa kwanza katika Wakongo wa nyakati zetu hizi. Joubert alikuwa hai bado, mzee wa miaka 75. Alipofika Mpala kulikuwa na mapadri wachache wa Ulaya nyuma ya ukuta wa udongo. Sasa mwana wa inchi alisimama altareni. Sisi tuliopita katika seminari ndogo, ijapokuwa Mungu alituongoza kwenye ndoa na kazi ya katekisimu, hatusomi tarehe ile bila kutulia kidogo.

Kabla ya hapo lakini kijiji chake kilikuwa kimekwisha. Ugonjwa wa malale ulishuka katika inchi za ziwa, ukaua watu wasiohesabika, na pwani ikahamwa. Mwaka wa 1910 Joubert naye akahama, akajenga upya Misembe, karibu na Baudouinville. Umri wake ulikuwa miaka 68. Kuna wazee wengi hapa Likasi wanaojua uchungu wa kuacha nyumba ya mara ya pili. Nyumba ya kwanza mtu huiacha akiwa kijana, na macho yako mbele. Ya pili ameijenga kwa mikono yake, na wafu wake wako pale. Hakuhamia Ufaransa, alihama mwendo mfupi tu, akabaki kati ya watu wale, mlima uleule ukionekana.

Katika uzee macho yake yakafa. Askari aliyejulikana kwa shabaha akawa wa kushikwa mkono. Tarehe 27 mwezi wa tano mwaka wa 1927 akafariki Misembe, umri wake miaka 85, na zaidi ya miaka 40 ya hiyo bila kuondoka kando ya ziwa. Akazikwa katika inchi ileile. Storms aliondoka Mpala na fuvu la mwami. Joubert mifupa yake yote aliiacha kwetu.

Katika watoto wa Joubert na Agnes Atakaye, mmoja ni lazima tumtaje. Albert alizaliwa Saint-Louis de Mrumbi mwaka wa 1908. Alikuwa mtoto wa rangi mbili katika koloni iliyopenda kuwapanga watu kwa rangi, Wazungu upande huu wa mji na Weusi upande ule, hata katika viti vya kanisa. Yeye akaenda njia ya Kaoze: akawa padri wa inchi, pamoja na mapadri Wakongo, na akafanya kazi upande wa kaskazini wa ziwa. Mwaka wa 1964 maasi yalipoenea Kivu, alikuwa Fizi. Babake alikuja na bunduki kuwalinda mapadri. Padri Albert hakuwa na bunduki, wala hakuwa na mtu wa kumlinda.

Tarehe 28 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1964 wapiganaji waliua kwanza kule Baraka Padri Luigi Carrara na Fratelo Vittorio Faccin, wamisionari Wasaveri. Usiku ukiingia wakafika misioni ya Fizi. Padri Giovanni Didonè akaenda mlangoni, akapigwa risasi. Kisha wakampiga Padri Albert Joubert. Miaka sitini ikapita karibu kamili, na tarehe 18 mwezi wa nane mwaka wa 2024, kule Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa jina la Baba Mtakatifu Fransisko, akawatangaza wote wanne kuwa wenye heri. Katika majina hayo manne, matatu yanafuatwa na neno Italia. La nne, lenye ukoo wa Kifaransa, linafuatwa na Saint-Louis de Mrumbi, Kongo.